Saa mbili ya simu si saa mbili yetu

Mhariri,

Kuna barua moja katika ukurasa huu iliyolalamika kwamba simu zimewafanya watu wasahau hata siku za kuzaliwa za mama zao. Sina ugomvi na aliyeiandika, ila kwangu mimi kalenda ya simu ndiyo iliyonisaidia kukumbuka. Mimi nilikuwa nasahau tangu zamani, na ushahidi uko kwenye kaunta buku langu la jalada jekundu, lenye madoa ya chai, ambalo nimeandikia kazi tangu nianze kukodisha hema na viti hapa Nakuru.

Tuko wawili. Mimi hupokea wateja nyumbani, Section 58, na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, huendesha pikapu na kusimamisha hema. Shida ni kwamba shemeji naye hupokea wateja. Mtu akiona hema limesimama vizuri harusini hamtafuti Mama Hema. Humwendea yule kijana anayekaza kamba, akamuuliza bei hapo hapo.

Desemba ya mwaka juzi, Jumamosi moja, saa kumi na mbili asubuhi, pikapu imejaa viti langoni, simu zetu zililia kwa pamoja. Kwangu alikuwa shangazi ya bibi harusi wa Bahati. Kwa shemeji alikuwa mzee wa Njoro anayemzika mkewe. Wote wawili walikuwa wamelipia hema zile zile mbili kwa M-Pesa, huyu kwangu, yule kwa shemeji. Tulitazamana juu ya rundo la viti, hakuna aliyetaka kuzungumza kwanza. Nilikimbilia kwa mwenzangu wa Lanet, akanikodishia hema zake kwa bei ya kuniadhibu, zikafika Njoro padri ameshaanza kuhubiri na waombolezaji wamejibanza chini ya mikaratusi. Nilimrudishia mzee pesa zake zote. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Binti yangu, anayesoma Eldoret, alipokuja likizo hakunipa pole. Alisema, "Mama, wewe na baba mdogo mnahitaji kalenda moja, si daftari mbili." Akanipeleka saiba, kwa sababu kazi ile ni rahisi zaidi kwenye kompyuta, akafungua kalenda ya Google kwa barua pepe yangu, akatengeneza kalenda mpya akaiita "Hema". Kisha akaingia kwenye mipangilio ya kalenda hiyo na kuishiriki kwa barua pepe ya shemeji. Hapo kuna ngazi, na inafaa mtu azijue. Unaweza kumruhusu mtu aone tu kwamba siku fulani umeshikika, asione una nini. Unaweza kumwachia aone kila kitu bila kugusa. Au unampa ruhusa ya kuandika na kubadilisha. Shemeji tulimpa ya kuandika. Vijana wawili wanaopakia viti tuliwapa ya kuona tu, na tangu hapo hawanipigii tena Ijumaa usiku kuniuliza kesho ni wapi.

Haikwenda sawa siku ya kwanza. Niliandika kazi tatu, shemeji akasema kwake hakuna kitu. Nikaandika tena, hakuna kitu. Kumbe nilikuwa naandika kwenye ile kalenda iliyokuja na simu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa kwamba tukio linahifadhiwa kwenye simu yenyewe. Tukio kama hilo haliendi popote. Simu ikiibwa, nalo limeibwa. Kabla ya kubonyeza kuhifadhi ni lazima uangalie limeandikwa chini ya akaunti gani na kalenda gani. Nadhani nusu ya watu wanaosema kalenda za simu hazioani wamenaswa na mstari huo mmoja. Mcheza muziki wetu, mwenye iPhone, tuliishiriki naye pia, tukamwambia tu aweke programu ya Kalenda ya Google, akaingia kwa barua pepe yake, kwisha.

Balaa la pili ndilo lililonifanya nikuandikie, Mhariri, kwa maana sijawahi kulisoma katika kurasa za teknolojia, hata za magazeti ya Kiswahili.

Shemeji alipata kazi ya Elburgon. Mteja alimwambia hema ziwe zimesimama saa mbili asubuhi. Shemeji, kwa utiifu wote, akaandika 2:00. Nami kwenye simu yangu nilikuwa nimeweka kikumbusho cha saa moja kabla. Basi saa saba ya usiku simu yangu, iliyokuwa chini ya mto, ikalia, mbwa wa jirani wakaitikia, mume wangu akaketi kitandani akiuliza nani amekufa. Nilidhani simu ni mbovu. Simu haikuwa na kosa. Sisi huhesabu saa tangu jua lichomoze, yenyewe huhesabu tangu usiku wa manane. Hapa Nakuru tuko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, jua letu halina mzaha, huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, kwa hiyo hesabu yetu ina akili. Lakini mwenye kutengeneza simu hakuzaliwa huku.

Dawa yake tumeipata wenyewe. Simu zetu zote tumeziweka kwenye mtindo wa saa 24, kisha tunatoa sita. 8:00 toa sita, saa mbili asubuhi. 14:00 toa sita, saa nane mchana. 20:00 toa sita ni kumi na nne, na kumi na nne ikivuka kumi na mbili inabaki saa mbili usiku. Na kwa sababu shemeji bado hujisahau, kichwa cha tukio lazima kiandikwe kwa maneno: "Elburgon, mazishi, hema mbili, saa mbili ASUBUHI." Namba zikigombana na maneno, tunaamini maneno na kumpigia mteja.

Jambo jingine dogo la saa. Matanga ya siku hizi huwa na mtoto wa marehemu aliye ng'ambo anayetaka kufuata kwa video. Sisi huku saa zetu hazibadiliki. Uingereza hubadilisha, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hivyo wakati mwingine wako nyuma yetu kwa saa tatu na wakati mwingine kwa mbili. Usimtumie ndugu huyo ujumbe wa "saa tano". Mtumie mwaliko kutoka kwenye kalenda, nayo itamwonyesha saa za kwake. Lakini mahali paandike kwa uangalifu. Sisi Nakuru tuna mtaa unaoitwa London, na nilipoandika mahali pa sherehe "London", simu ilinipendekezea ramani ya Uingereza. Shemeji aliuliza kama pikapu itatosha mafuta.

Sasa mtandao. Kazi zetu nyingi ziko Subukia, Mau Narok, mahali ambapo ukitaka kupiga simu unapanda kwanza kilimani. Kalenda haikatai kuandikwa bila mtandao. Huweka ulichoandika kwenye simu na kukipeleka mtandao ukirudi. Hapo ndipo penye mtego, kwa maana mimi nikiandika nikiwa nyumbani na shemeji akiandika akiwa bondeni bila mtandao, sote tutaandika Jumamosi ile ile na kalenda haitamkataza yeyote. Kwa hiyo tumewekeana sheria: hakuna kupokea malipo ya kwanza mpaka mwenzako ajibu kwamba ameona. Asipojibu, mteja asubiri. Tumepoteza mteja mmoja kwa sheria hiyo. Aende salama.

Simu ya shemeji ilikuwa na tabia ya kuchelewa hata akiwa mjini Kenyatta Avenue. Tuliilaumu laini, tukalaumu bando, tukataka kununua simu nyingine. Binti alipoiangalia akakuta Kiokoa Betri kimewashwa tangu siku iliponunuliwa. Kikiwashwa, programu nyingi huacha kujisasisha zenyewe mpaka uzifungue. Alikizima, na pale penye orodha ya akaunti akahakikisha usawazishaji wa kalenda umewashwa. Kazi 11 ziliingia kwa mkupuo mmoja. Wala kalenda haimalizi bando, kwa maana maandishi ni mepesi, picha na video ndizo zinazokula.

Hayo mengine wengi mnayajua. Simu ikionyesha mnara lakini hakuna kinachofunguka, washa Hali ya ndegeni, hesabu mpaka kumi, zima, itautafuta mnara upya. Chini ya mabati mtandao huzubaa, kwa hiyo simu inayowagawia wengine intaneti iwekwe dirishani, si mezani katikati ya nyumba. Na mazishini, watu 500 wakiinua simu pamoja kurusha picha, intaneti hufa kabisa, ilhali SMS bado hupenya. Shemeji na mimi tukiwa kazini huandikiana SMS kama watu wa zamani.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Ukurasa wenu wa teknolojia hutueleza simu mpya ina kamera ngapi. Mtu mmoja pale ofisini aketi atueleze kwa Kiswahili, kwa hesabu ya saa zetu, vitu ambavyo tayari viko ndani ya simu tulizo nazo, hata hizi zenye kioo kilichopasuka. Wenye kabambe, zile simu ndogo za vitufe, nao wakumbukwe, maana mzee wa Njoro ndiyo aliyo nayo, na kikumbusho chetu kwake ni SMS ya siku moja kabla.

Ndiyo, nilisema mzee wa Njoro. Alirudi. Ni kumbukumbu ya mkewe, hema moja na viti 80, Jumamosi ijayo. Shemeji ameshaandika 10:00, saa nne ASUBUHI, nami nimemjibu kwamba nimeona.

Mama Hema,
Section 58, Nakuru