Kwa Nini Chumba Chenu cha Vikao Kinakataa Kikao cha Saa Nne Asubuhi

Mteja wetu mmoja hapa Dar es Salaam alitupigia simu akiwa amechoka kabisa. Chumba chao kikubwa cha vikao, ambacho walikuwa wamekiingiza kwenye kalenda ya Microsoft 365, kilikuwa kinakataa kila mwaliko. Ukiweka kikao cha saa nne asubuhi, jibu linarudi ndani ya sekunde chache kwamba kimekataliwa. Cha saa nane mchana nacho kimekataliwa. Ukiifungua kalenda ya chumba unaikuta tupu, hakuna aliyekuwahi. Kisha mhasibu wao, katika kujaribujaribu, akaweka kikao cha saa mbili usiku. Chumba kikakubali papo hapo.

Kikao hicho cha usiku ndicho kilichotuonyesha tatizo. Aliyekiandaa chumba alikuwa amewasha mpangilio wa kupokea vikao vya saa za kazi tu, jambo ambalo hata sisi hulipendekeza. Hakugusa saa za eneo. Sanduku la barua pepe la chumba, ambalo ndilo hushika kalenda yake, lilikuwa bado linahesabu saa za Los Angeles, pwani ya magharibi ya Marekani. Kule na huku tunapishana saa 11, na katika miezi yao ya joto, wanaposogeza saa mbele, tunapishana saa 10. Kwa hiyo, kwa tofauti ya saa 11, siku ya kazi ya chumba kile, iliyoandikwa 08:00 hadi 17:00, ilikuwa inaanza saa moja jioni yetu na kwisha saa kumi alfajiri. Mhasibu alibahatika kuingia ndani ya muda huo, wenzake wote wakabaki nje.

Kurekebisha kulichukua dakika tano. Unaingia Exchange, sehemu ya Microsoft 365 inayoshughulikia barua pepe na kalenda, kwa PowerShell, yaani dirisha la kuandikia amri, unatumia amri ya Set-MailboxCalendarConfiguration, na kwenye kipengele cha WorkingHoursTimeZone unaandika "E. Africa Standard Time". Jina hilo linazitosha ofisi za Tanzania, Kenya na Uganda. Wateja wetu wenye tawi Kigali au Bujumbura wakumbuke kwamba huko wako saa moja nyuma yetu, kwa hiyo vyumba vya huko huandikiwa "South Africa Standard Time". Kila chumba kina saa yake. Kurekebisha saa za kampuni nzima hakukirekebishi chumba kilichokwisha kuundwa.

Tumekutana na tatizo hili mara nyingi kiasi kwamba sasa ndicho kitu cha kwanza tunachokiangalia mteja anaposema chumba kina matatizo. Lakini nyuma yake kuna jambo kubwa zaidi: ofisi nyingi huunda chumba kama zinavyomwandikisha mfanyakazi mpya, zikakiacha hapohapo bila kukifundisha kazi yake.

Mtu wa TEHAMA anafungua Entra, ile saraka ya watumiaji iliyokuwa ikiitwa Azure Active Directory hadi 2023, kwa sababu ndiko akaunti zote zinakoonekana. Anaunda mtumiaji mpya, jina la kwanza "Chumba", jina la ukoo "Kikao". Anampa leseni ili apate barua pepe. Kuanzia siku hiyo kampuni inalipia kila mwezi leseni ya mfanyakazi asiyekuwepo. Na chumba chenyewe hakijui kwamba ni chumba. Mialiko inaingia kwenye sanduku lake kama inavyoingia kwa mtu yeyote, inakaa humo ikisubiri mtu afungue na kubofya kukubali. Hakuna anayefungua. Watu wawili wanaalika chumba kimoja kwa saa ileile, kila mmoja anaamini amekipata, na wanakutana mlangoni na wageni wao.

Katika ofisi moja tulikuta karatasi imebandikwa kwenye meza ya mapokezi, ina nenosiri la akaunti ya chumba, ili yeyote aweze kuingia na kujikubalia. Mgeni yeyote anayesubiri kwenye kiti angeweza kulisoma. Akaunti hiyo ilikuwa halali ndani ya saraka ya kampuni, inaona majina na anwani za wafanyakazi wote, na inaweza kutuma barua pepe kwa jina la kampuni. Hilo lilituogopesha kuliko vikao vilivyogongana.

Njia sahihi huanzia kwingine. Ingia admin.microsoft.com, fungua Resources, halafu Rooms & equipment, uongeze chumba hapo. Andika jina, anwani ya barua pepe, idadi ya watu kinaowachukua na mahali kilipo. Akaunti yake itajitokeza yenyewe ndani ya Entra, huna haja ya kuiunda kule. Sanduku la aina hii halihitaji leseni mradi lisizidi GB 50, na kwa chumba kinachopokea mialiko tu, kiasi hicho ni kikubwa mno. Baada ya hapo nenda Entra kwa kazi moja tu: hakikisha kuingia kwa akaunti hiyo kumezuiwa. Chumba hakihitaji nenosiri. Isipokuwa mmenunua kifaa cha Teams Rooms cha kuweka ukutani: kifaa hicho huingia kwa akaunti ya chumba na kina leseni yake maalumu. Hayo ni mazungumzo mengine, tuulizeni kabla ya kununua.

Wale ambao tayari mna chumba kilichoundwa kama mtu, msikifute. Mtapoteza vikao vyote vilivyomo. Sanduku la mtu linaweza kugeuzwa kuwa la chumba kwa amri moja, Set-Mailbox yenye Type Room, na kalenda yake ikabaki kama ilivyo. Kisha mnaiondoa leseni na kumpa mfanyakazi wa kweli, na mnazuia kuingia. Baada ya kugeuza, hakikisheni kujijibu kumewashwa, yaani AutomateProcessing imeandikwa AutoAccept.

Sasa kanuni. Chumba kilichoundwa vizuri hukubali chenyewe kikao kinachokuta nafasi na kukataa kinachogongana na kingine. Kwa kawaida hupokea vikao vya hadi siku 180 mbele, na kikao kimoja kinaweza kuchukua hadi saa 24. Hizo saa 24 tunazipunguza kila mahali. Mtu mmoja akibonyeza "siku nzima" kwa bahati mbaya, chumba kimekwenda. Saa nne au tano zinatosha ofisi nyingi, na warsha ya siku nzima ipitie kwa mtu wa kuidhinisha.

Vikao vya kujirudia ndivyo vinavyoleta malalamiko mengi zaidi. Meneja anaweka kikao cha kila Jumatatu bila tarehe ya mwisho, chumba kinakataa vyote kwa pamoja, naye anadhani mfumo umeharibika. Chumba kimefuata kanuni tu: mfululizo unaovuka zile siku 180 hukataliwa wote. Mpe tarehe ya mwisho iliyo ndani ya muda huo, utapita. Lakini kuna mtego wa pili. Kama katika Jumatatu ishirini kuna moja tu ambayo chumba kina mtu mwingine, mfululizo wote hukataliwa pia, kwa sababu kiwango cha mgongano kinachovumiliwa ni sifuri. Sisi hupandisha kiwango hicho kidogo kwa kutumia ConflictPercentageAllowed na MaximumConflictInstances, tukiruhusu migongano mitatu hivi. Chumba kinakubali siku zote zilizo wazi na kumwambia mwandaaji ni tarehe zipi kimezikataa, atafute pa kwenda siku hizo. Badiliko hili dogo limenyamazisha simu nyingi kuliko mengine yote tunayofanya.

Tunaulizwa pia kwa nini kalenda ya chumba haionyeshi kikao kinahusu nini. Chumba huondoa kichwa cha habari na kuweka jina la aliyeandaa. Pia hufuta maelezo yaliyo ndani ya mwaliko, na wafanyakazi wa kawaida huona tu kwamba chumba kina mtu au hakina. Wateja wengi hutuomba tufungue kila kitu. Ushauri wetu ni msifungue chote. Siku idara ya utumishi itakapoandika "Kikao cha nidhamu" pamoja na jina la mfanyakazi, hamtapenda ofisi nzima iwe imelisoma asubuhi. Tunaruhusu watu waone jina la mwandaaji, ili wajue wa kumwomba awapishe, basi.

Vipo vyumba ambavyo havifai kujikubalia. Chumba cha bodi, kwa mfano, au ukumbi ambao lazima uandaliwe viti na chai. Hapo tunamteua mtu wa kuidhinisha, na ombi hukaa kwenye kalenda likisubiri jibu lake. Teueni watu wawili. Aliye peke yake akienda likizo, maombi yote yanakwama hadi arudi.

Jina la chumba lifikirieni kabla. Ofisi nyingi huvipa vyumba majina ya milima na mbuga, na ni majina mazuri, lakini mgeni kutoka tawi la Mwanza hajui kama Meru iko ghorofa ya pili au ya saba. Tanguliza mji na ghorofa, halafu jina, ili vyumba vya mahali pamoja vipangike pamoja kwenye orodha. Kama mna majengo zaidi ya moja, tunatengeneza orodha ya vyumba kwa kila jengo, na Outlook inamwonyesha mtu vyumba vya jengo lake pamoja na idadi ya viti. Taarifa hizo zinaweza kuchukua hadi siku nzima kuonekana, kwa hiyo msishtuke mkizikosa jioni ileile.

Jambo moja husahaulika hadi liume. Mfanyakazi anaondoka, akaunti yake inafutwa, lakini vikao alivyoviandaa vinabaki kwenye kalenda ya chumba. Kila Jumatano saa tatu chumba kimewekwa na mtu aliyehama miezi minne iliyopita. Hakuna anayekaa ndani, na hakuna anayeweza kukichukua. Dawa ipo, ni amri ya Remove-CalendarEvents, inayofuta vikao vyote alivyoviandaa na kuwajulisha waalikwa, pamoja na chumba. Sharti lake ni kwamba iendeshwe sanduku la huyo mtu likiwa bado lipo. Akaunti ikishafutwa, itabidi mtu mwenye ruhusa aingie kwenye kalenda ya kila chumba na kuondoa kikao kimoja kimoja kwa mkono. Tunaomba idara za utumishi zituarifu kabla ya siku ya mwisho ya mfanyakazi, hata kwa ujumbe mfupi.

Haya yote yanahusu vyumba, lakini mahali pale pale pa kuongezea chumba pana aina ya pili, ya vifaa. Gari la ofisi linaingia humo vizuri sana. Anayekwenda bandarini au mkoani analialika gari kwenye safari yake kama anavyoalika chumba, na dereva anaiona ratiba ya wiki nzima kwenye simu yake badala ya kupigiwa na watu watatu kwa asubuhi moja. Projekta ya kuhamahama nayo ni hivyo hivyo.

Tukishamaliza upande wetu linabaki daftari la mapokezi. Tumeona vyumba vilivyopangwa vizuri vikishindwa ndani ya wiki mbili kwa sababu daftari liliendelea kutumika pembeni. Nusu ya watu wanaandika kwenye daftari, nusu wanaalika kwenye Outlook, na kila upande una haki yake. Tunawaomba wateja wachague siku moja, wahamishe yote yaliyomo daftarini hadi kwenye kalenda, kisha walifunge. Dada au kaka wa mapokezi apewe uwezo wa kuweka vikao kwa niaba ya wengine, maana daima kutakuwa na mtu asiyetumia kompyuta anayehitaji chumba. Na mkurugenzi naye aalike chumba kama wengine. Akianza kuingia bila kuweka nafasi, wengine watamfuata.

Mkitaka tuwafanyie kazi hii, tutumieni kwanza orodha ya vyumba vyenu, kila kimoja na idadi ya viti, ghorofa, na kama kina skrini. Tuambieni nani anaidhinisha vyumba vinavyohitaji idhini, na kama mnafanya kazi Jumamosi, kwa sababu wiki ya kazi ya chumba huanza Jumatatu na kwisha Ijumaa hadi tuibadilishe. Saa za kazi ziandikeni kwa mtindo wa saa 24, yaani 08:00 hadi 17:00, msituandikie saa mbili hadi saa kumi na moja kwa tarakimu tupu. Kwa ofisi yenye vyumba visivyozidi kumi, tukipata orodha kamili asubuhi, jioni vyumba vinapokea mialiko.