Mgonjwa asipopata nafuu kwa prednisoloni

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kolaitisi ya vidonda, ugonjwa unaovimbisha utumbo mpana na kumharisha mtu damu kwa miezi, imegusa jambo la kweli: wagonjwa wengi humeza Flagyl za amiba tena na tena kabla hawajafanyiwa kipimo cha kamera. Ila mwandishi alipofika kwa mgonjwa asiyepata nafuu kwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, alishauri dozi iongezwe, basi. Hapo siafiki.

Kuna kirusi kiitwacho sitomegalovirusi, cha ukoo mmoja na kile cha tetekuwanga na mkanda wa jeshi. Huku kwetu karibu kila mtu hukipata utotoni bila kujua, na kikishaingia hakitoki, hulala tu. Prednisoloni na azathioprini zikishusha kinga ya mwili, huamka, na utumbo uliokwisha kuvimba ndio hukipokea. Dalili ni zilezile: homa, tumbo kusokota, damu. Kuongeza dozi hapo ni kukinenepesha.

Kupima kingamwili za damu hakusaidii, maana watu wazima karibu wote tunazo. Kinachotakiwa ni kinyama, yaani kipande kidogo cha utumbo, kutoka kwenye kitako cha kidonda, na wa maabara aambiwe anatafuta nini. Asipoambiwa ataandika "uvimbe" na faili kufungwa. Seli zenye kirusi huonekana kama jicho la bundi, lakini zikiwa chache zinapita bila kuonekana mpaka zitiwe rangi maalumu. Kikithibitika kuwa ndicho kinacholeta shida, ipo dawa ya kukizuia, gansikloviri ya dripu, kwa kawaida wiki 2 hadi 3. Ghali, nakubali. Kukatwa utumbo mpana je?

Homa ya ini B nayo ipimwe kabla dawa za kushusha kinga hazijaanza. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo wagonjwa wetu wengi wenye miaka 30 na zaidi hawakuipata wakiwa wachanga. Infliximabu, mojawapo ya dawa hizo, huweza kukiamsha kirusi cha homa hiyo ya ini hadi ini likashindwa kazi.

Walio kwenye prednisoloni wasiikatishe ghafla kwa kusoma barua hii. Ni hatari, hupunguzwa kidogo kidogo na daktari. Wamuulize tu kama kinyama chao kilitafutwa sitomegalovirusi.

Muuguzi, chumba cha kipimo cha kamera
Dar es Salaam