Eka Tatu za Duara: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Michezo wa Zanzibar

Chake Chake, Pemba

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikia nikiwa mwalimu wa michezo, ambaye kwa miaka kumi na mbili sasa nimekuwa nikiwafundisha vijana kriketi kwenye viwanja vilivyopimwa kwa ajili ya mpira wa miguu. Ombi langu ni moja, ingawa lina hatua mbili: kwanza Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar itenge ardhi ya uwanja wa kriketi, na baada ya hapo Zanzibar iombe kuwa mwenyeji wa mashindano ya kriketi ya ova 20 (yaani kila timu hurushiwa mafungu ishirini ya mipira sita sita) baina ya timu za taifa za majirani, yaani Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania yenyewe. Nimezipanga hatua hizo kwa makusudi, kwa sababu nimeshahudhuria mikutano kadhaa ambayo mashindano yalipangwa mpaka rangi ya jezi ilhali hakuna aliyeuliza mechi zingechezwa wapi.

Wapo watakaosema kwamba kriketi ni mchezo wa Waingereza na Wahindi, na mimi mwenyewe niliambiwa hivyo nilipokuwa mdogo. Ni kweli kwamba waliokuwa wakiucheza pale Mnazi Mmoja zama za ukoloni walikuwa zaidi Waingereza, Wahindi na Wagoa. Lakini tuitazame hali ya sasa. Novemba 2023, mjini Windhoek, Namibia, timu saba za Afrika zilikutana kugombea nafasi mbili za Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka uliofuata, na kati ya saba hizo nne zilikuwa za kwetu: Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Uganda iliifunga Zimbabwe, nchi inayocheza hata zile mechi za siku tano ambazo ni daraja la juu kabisa la kriketi, ikafuzu pamoja na Namibia. Juni 2024, huko Guyana, Waganda wakaishinda Papua New Guinea, na mrushaji wao Frank Nsubuga, mtu mzima wa miaka 43, akamaliza ova zake nne kwa kutoa mikimbio (alama za wapigaji) minne tu na kuangusha wiketi mbili, yaani kuwatoa wapigaji wawili. Sifichi kwamba siku chache baadaye timu hiyohiyo ilitolewa yote kwa mikimbio 39 mbele ya West Indies. Hata Kenya, iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, iliiacha Sri Lanka ikusanye mikimbio 260 dhidi yake katika Kombe la Dunia la kwanza la ova 20 mwaka 2007. Timu zetu zina uwezo. Zinachokosa ni kukutana mara nyingi zaidi, na kukutana huko si lazima kuwe Nairobi, Entebbe, Kigali au Dar es Salaam kila mara.

Mheshimiwa Waziri, tangu tarehe 1 Januari 2019, mechi yoyote ya ova 20 baina ya timu za taifa za wanaume za nchi wanachama wa Baraza la Kimataifa la Kriketi huhesabiwa kuwa mechi rasmi ya kimataifa. Kwa wanawake utaratibu huo ulianza Julai 2018. Maana yake ni kwamba Kenya na Rwanda zikikutana Unguja kwenye uwanja uliokubaliwa, mikimbio na wiketi zake zitaingia katika kumbukumbu zilezile zinazowekwa mechi za India na Australia.

Sasa nije kwenye ardhi, kwani hapo ndipo mambo yanapokwama. Uwanja wa mpira wa miguu una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Ukiweka njia ya kurushia mpira katikati yake, kutoka hapo hadi mstari wa pembeni ni mita 34, ilhali kanuni za mechi za kimataifa za wanaume zinataka ukingo wa uwanja, tunaouita mpaka, usiwe karibu zaidi ya takriban mita 59, wala mbali zaidi ya mita 82, kutoka katikati. Kwa hiyo si uwanja wa Amaan wa Unguja wala wa Gombani wa hapa Pemba patakapofaa, hata tukipapaka rangi vipi. Nilifanya hesabu usiku mmoja, nikacheka peke yangu: eka tatu, zilezile walizogaiwa wazee wetu baada ya Mapinduzi, zikipimwa kwa umbo la duara zinatoa nusu kipenyo cha mita 62. Ni mpaka halali, na unabaki ukingo mdogo wa usalama nje ya kamba ya mpaka. Tukiongeza nafasi ya watazamaji, vyoo, banda la wachezaji na sehemu ya kusalia, tuseme eka tano au sita.

Ukosefu wa nafasi hiyo niliuona kwa macho yangu msimu wa karafuu uliopita. Kijana wangu mmoja wa miaka kumi na mitatu alipiga mpira vibaya kabisa, kwa ukingo wa gongo lake, nao ukapanda juu, ukavuka mstari wa pembeni, ukaruka barabara na kutua katikati ya mkeka wa karafuu zilizoanikwa. Mwamuzi, ambaye ni mimi, alilazimika kunyanyua mikono miwili na kumpa mikimbio sita kwa pigo ambalo katika uwanja wa haki lingedakwa na mtoto mwenzake bila ya kukimbia. Mwenye karafuu, bibi wa makamo, aliuweka mpira chini ya kanga yake na hakuurudisha mpaka wachezaji wote ishirini na wawili walipopiga magoti na kumwokotea karafuu zake moja moja. Nilikuwa upande wake. Kijana yule, hata hivyo, ameondoka akiamini kwamba anajua kupiga, na mrushaji wake, aliyeurusha mpira mzuri, ameondoka akiamini kwamba hajui kurusha.

Kuna jambo la pili ambalo nalisema kwa masikitiko. Miaka michache nyuma tulipata msaada wa zulia la kuchezea, la aina inayotandikwa juu ya ardhi ngumu ili mpira udunde sawasawa, kama zinavyofanya nchi nyingi zinazouanza mchezo huu. Zulia hilo lilihifadhiwa katika bohari la ofisi moja kwa kusubiri uwanja. Tulipolifuata tulilikuta panya wameshalifanya kitanda, na upande uliosalia ulitosha kufunika meza. Simlaumu mtu kwa jina. Nataka tu ieleweke kwa nini naomba ardhi kabla ya vifaa.

Rwanda inaweza kutufunza hapa. Mwaka 2014 walianzisha mashindano ya wanawake ya ova 20 yanayoitwa Kwibuka, kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na mwaka 2017 wakafungua uwanja wa Gahanga nje kidogo ya katikati ya Kigali, uliojengwa kwa michango. Tangu hapo wageni hawajakoma kwenda. Dada zetu wa timu ya Tanzania wamewahi kulichukua kombe hilo la Kwibuka hukohuko Kigali. Ningependa siku moja walitetee kombe la aina hiyo mahali ambapo mtoto wa Wete au wa Makunduchi anaweza kufika na kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Mimi ni Mpemba, na pengine ungetarajia niombe uwanja huo ujengwe Pemba. Siombi hivyo. Kisiwa chetu ni cha vilima na mabonde, sehemu nyingi zilizo tambarare ni mabonde ya mpunga, na mvua zetu ni nyingi kuliko za Unguja. Uwanja mkubwa ukae Unguja, ambako wageni watashuka na kulala bila ya safari ya pili. Pemba itosheke kwa sasa na zulia jipya na mahali pa kulitandika.

Kuhusu majira, Septemba ingefaa, masika yakiwa yamepita na vuli haijaanza. Timu nne zikicheza kila moja na mwenzake ni mechi sita. Mechi mbili kwa siku zinamalizika kwa siku tatu, na fainali siku ya nne, ambayo si Ijumaa. Mechi moja huchukua saa tatu na kitu. Ya kwanza ikianza saa tatu asubuhi, watu wataiwahi adhuhuri bila ya haraka. Ya pili ikianza saa nane na robo mchana, mapumziko ya katikati yataangukia takriban wakati wa alasiri, na wote watakuwa wameondoka kabla ya magharibi. Hatuhitaji hata taa.

Najua pia kwamba, ingawa michezo si jambo la Muungano, mwanachama wa Baraza la Kimataifa la Kriketi ni Tanzania, kwa hiyo ombi lolote litapitia chama cha kriketi cha taifa kilichoko Dar es Salaam. Naomba tusipoteze miaka kudai uanachama wetu wenyewe. Tulikwishaonja mwaka 2017, Shirikisho la Soka la Afrika lilipotupa uanachama kamili mwezi Machi na kuuondoa Julai. Mwenyeji hahitaji uanachama wa peke yake. Anahitaji uwanja, na uwezo wa kupokea wageni tumeshauonyesha Agosti 2025, Amaan ilipopokea mechi za CHAN, mashindano ya soka ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, mpaka robo fainali.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba jambo dogo la kuanzia: maofisa wa ardhi na wa michezo watembelee pamoja maeneo matatu au manne ya Unguja ambayo bado hayajajengwa, kabla ya nyumba hazijatutangulia, na walitangaze moja kuwa la kriketi kwa hati. Nikiitwa nitapanda boti ya kwanza kwa nauli yangu. Kigingi cha katikati nitakuja nacho, pamoja na kamba ya usumba ya mita 62 ambayo vijana wangu wamekwisha kuisokota.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa michezo, Chake Chake