Hamisi, muulize Bibi injini zilikuwa ngapi

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam aleikum. Huku Mombasa sote wazima, alhamdulillah. Shariffa amejifungua mtoto wa kike, na Juma bado anangoja ile barua ya kazi. Najua nimekaa kimya tangu hitima ya Mzee Bakari, lakini swali ulilonitupia pale mlangoni, la ndege gani ile aliyoiona Bibi, sikutaka kulijibu juujuu.

Ile ndege ambayo Bibi aliiona utotoni ikitua majini bandari ya Dar, wakati wa Vita vya Pili, naamini ni Catalina, ndege ya Kimarekani yenye kutua majini. Ila kuna jambo moja la kuhakikisha, na aliye karibu naye ni wewe. Muulize injini zilikuwa ngapi. Miaka ileile ndege za Waingereza za abiria na barua zilikuwa zikitua majini Kisumu, Mombasa, Dar na Lindi kuelekea Durban, na hizo zilikuwa nene, zenye injini nne. Catalina ina mbili tu, zimesogeleana katikati ya bawa, na bawa lenyewe limeinuliwa juu ya mwili kwa nguzo moja nene. Nyuma ubavuni, kulia na kushoto, kuna vioo viwili vilivyofura kama macho ya chura. Bibi akikutajia vile vioo, basi hatuna haja ya kubishana tena.

Wamarekani waliirusha mara ya kwanza 1935 kwa kazi ya kupeleleza bahari. Mwendo wake ulikuwa wa polepole, kilomita 200 hivi kwa saa, lakini kwa kukaa angani haikuwa na mshindani. Qantas, shirika la ndege la Australia, waliirusha kutoka Perth hadi Ceylon (Sri Lanka ya leo) kwa saa 27 na zaidi bila kutua, abiria wakiona jua likichomoza mara mbili katika safari moja. Wengine waliipaka rangi nyeusi wakashambulia meli za Wajapani usiku. Na kuokoa watu! Agosti 1945, meli ya kivita ya Marekani, Indianapolis, ilipokuwa imezama na mabaharia wanaliwa na papa, rubani Adrian Marks aliishusha Catalina yake kwenye mawimbi kinyume cha amri, akapakia watu 56. Ndani kulipojaa, wengine walifungwa kwa kamba juu ya mabawa. Haikuweza kuruka tena, ikaelea nao hadi meli zilipofika.

Sasa sikiliza la kwetu. Tarehe 26 Mei 1941 Catalina ya kikosi namba 209 cha Uingereza ndiyo iliyoiona Bismarck, ile manowari kubwa ya Wajerumani, na kesho yake ikazamishwa. Kikosi hichohicho mwaka 1942 kikahamia hapa Kipevu! Wajapani walikuwa wameipiga Colombo, bandari ya Ceylon, Waingereza wakahamishia manowari zao Kilindini, na bahari yote hii ikawa inahitaji macho. Kikosi 259 nacho kilikuwa hapa, kisha kikaja huko kwenu Dar mwaka 1943. Agosti mwaka huo Catalina yake iliikuta nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini ya Madagaska, ikaijeruhi, ikaiganda mpaka mwenzake wa kikosi 265 akaja kuimaliza. Watoto wetu wanapita Kipevu kila siku wanaona makontena tu. Inaniuma, Hamisi. Historia kama hii iko chini ya miguu yao na hakuna anayewaambia.

Halafu namfikiria yule kaka yake Bibi, ambaye nyumbani kwenu mlikuwa mkiambiwa alipotelea baharini. Meli ya Khedive Ismail iliondoka hapa Mombasa kwenda Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani ikaizamisha karibu na Maldivi. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wetu wa kikosi cha mizinga namba 301. Sisemi alikuwemo. Lakini ukifikiria meli zile ndipo unapoelewa kwa nini ndege isiyo na haraka, yenye kuweza kuzunguka baharini kutwa nzima, ilikuwa na thamani kuliko ndege ya mbio.

Basi nenda Jumapili, akiwa ameshakunywa chai na hajachoka. Injini mbili au nne? Vioo vya ubavuni anavikumbuka? Ilivutwa hadi nchi kavu au ilifungwa kwenye boya? Kaka yake alikuwa askari wa mizinga au mpagazi, na jina lake jeshini waliliandikaje? Kuna karatasi yoyote kwenye lile sanduku la mama yako? Mrekodi kwenye simu, tafadhali, na usimkatize akihamia habari nyingine. Na wewe mgongo vipi? Mama Zuhura ameshahama?

Nijibu upesi.

Wako,
Athumani