Barua kwa Baba: mirathi katika kitabu cha aljebra

Leeds, Uingereza

Baba na Mama, shikamooni.

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima, isipokuwa baridi ya huku, ambayo koti nililonunua Tanga haliiwezi hata kidogo. Barua yako, Baba, nimeipata, na nimeona umerudia swali ulilonishushia siku ninaondoka: mtu anasomaje historia ya hesabu, badala ya kusoma hesabu zenyewe? Ningekujibu kwa simu, lakini jibu ni refu, na tena linaigusa kazi yako ya kuwagawia watu mirathi.

Wiki za mwanzo tuliwapitia haraka Wababeli, waliohesabu kwa sitini sitini, na Wamisri, waliozidisha kwa kurudufu. Kisha tukafika Baghdad. Huko, katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu 813 hadi 833, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina lake ndilo lililozaa neno aljebra. Al-jabr ni kuunga kilichovunjika, kama afanyavyo muunga mifupa. Nakala moja, iliyoandikwa kwa mkono mwaka 1342, imo katika maktaba ya Bodleian kule Oxford, na Frederic Rosen aliipiga chapa London mwaka 1831, Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kiarabu chenyewe nakisoma kwa kusuasua, lakini nakisoma, na sasa ndiyo naiona faida ya viboko vya chuo cha Kurani.

Humo hamna x hata moja. Hata namba zimeandikwa kwa maneno. Kisichojulikana hukiita "kitu" au "mzizi", na mzizi ukizidishwa kwa wenyewe huuita "mali". Mwalimu alipolitamka neno hilo nilicheka peke yangu darasani. Mali na mizizi yake 10, anasema, ni dirham 39. Chukua nusu ya mizizi, yaani 5, uizidishe kwa yenyewe upate 25, uijumlishe na 39 iwe 64. Mzizi wake ni 8, toa 5, zinabaki 3, na mali ni 9. Kisha anachora mraba, anaupachika mistatili miwili ubavuni, na ile 25 inaonekana wazi kuwa ni kipande cha kona kilichokuwa kinakosekana.

Lakini sehemu kubwa ya kitabu, Baba, ni wosia na mirathi. Sikiliza hii. Mtu amefariki, ameacha wana wawili wa kiume, dirham 10 taslimu, na dirham 10 nyingine alizokuwa akimdai mmoja wa wanawe. Naye ameusia theluthi ya mali yake kwa mtu baki. Al-Khwarizmi haanzi na 20. Fungu la mwana mdaiwa analiita kitu, na kitu hicho tu ndicho anachokitoa katika deni na kukitia katika mirathi, kwa hiyo mali inakuwa 10 na kitu. Theluthi ya wosia ikishatoka, na kilichobaki kikigawanywa nusu kwa nusu, kila mwana anapata theluthi ya jumla ile, na fungu hilo ni kitu kile kile. Kitu kinatoka 5. Mtu baki anachukua 5, ndugu anachukua 5, na mdaiwa hapewi taslimu wala hadaiwi tena.

Darasani hesabu ilikubaliwa, tukaendelea. Mimi nilibaki nyuma, nikiwaona watu wamekaa barazani kwetu na karatasi zao, nawe una kalamu ya risasi sikioni. Je, zile dirham 5 zilizobaki katika deni wewe ungezisamehe, au ungemwambia kijana azilipe, wenzake wagawiwe tena? Insha yangu ni juu ya suala hili hili, nami natakiwa kuikabidhi mwisho wa mwezi ujao. Nakuomba uniandikie utakavyogawa, hatua kwa hatua, kwa namna ile ile unayowaeleza watu pale barazani.

Mama, nisalimie Bibi, na umwambie kahawa aliyonifungia imekwisha.

Mwanenu