Safari ya baiskeli Jumamosi: Bath hadi Bradford on Avon
Habari za jioni ndugu zangu,

Jumamosi hii tukutane saa 3:00 asubuhi mbele ya stesheni ya Bath Spa. Tutafuata njia ya kando ya mfereji wa Kennet and Avon, takriban kilomita 16, karibu yote tambarare. Dundas lazima tushuke: mfereji wenyewe unapita juu ya daraja la mawe, mashua juu, mto Avon chini. Naomba hapo tusiharakishe. Mwisho ni ghala la mawe la karne ya 14.

1. Chakula: pauni 10 kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi.
2. Kagueni breki. Kengele ni muhimu, njia ni nyembamba na ina waendao kwa miguu.

Asiye na baiskeli aseme mapema, tumtafutie. Tafadhali jibuni hapa leo: NIPO au SIPO.