Shule ya wanangu ina kazi ninayoitaka, binti yangu hataki niichukue

Mpendwa Mshauri,

Salamu nyingi. Nimekuwa msomaji wako wa siku nyingi, ila leo ndiyo mara ya kwanza kukuandikia, maana jambo hili limeninyima usingizi wiki nzima.

Nina watoto watatu, wote wanasoma shule moja. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 12. Wa kati ni binti wa miaka 9, yuko darasa la tatu. Kitindamimba ana miaka 6, ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Zamani nilikuwa karani wa ofisi. Huyu wa mwisho alizaliwa kabla ya siku zake, akahitaji kuangaliwa kwa karibu, nikaacha kazi.

Kuingia kwangu shuleni hakukuwa na mpango wowote. Miaka 3 iliyopita wazazi tuliombwa kusaidia kupanga maktaba, vitabu vikiwa bado kwenye maboksi. Tulikwenda watano, na kufikia wiki ya pili nilikuwa nimebaki peke yangu. Nikabandika namba migongoni mwa vitabu, nikaanza kuwaazima watoto, na mwisho mwalimu mmoja akaniomba niwe nawasikiliza wale wanaosoma kwa shida, mara mbili kwa wiki, dakika 20 kila mmoja.

Kuna mtoto mmoja sitamsahau. Alikuwa anasoma kwa kidole, silabi kwa silabi, na kila akifika kwenye neno ng'ombe anafunga kitabu. Nilikwenda nalo nyumbani. Usiku nikawa najisemea ng'ombe na ngano, ng'ombe na ngano, mpaka nikahisi kwamba ile ng' yote inapita puani. Nilipokutana naye tena nikamwambia abane pua halafu aseme ng'. Sauti ikakatika. Akaachia pua, sauti ikarudi. Alirudia mara nne au tano, macho yamemtoka, kisha akafungua kitabu mwenyewe, akalisoma lile neno na kwenda nalo hadi mwisho wa ukurasa. Hakuniangalia hata mara moja. Mimi ndiye niliyeinama kujifanya natafuta kalamu chini ya meza, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Basi nikajiandikisha kwenye kozi ya jioni ya walimu wasaidizi, miezi 10. Mume wangu alikuwa anawalaza watoto, mimi nasoma. Nimemaliza na cheti ninacho.

Mwezi huu shule imetangaza nafasi ya mwalimu msaidizi kwa madarasa matatu ya chini. Mwalimu mkuu aliniita akaniambia wazi kwamba hawezi kuniahidi kitu: nitaandika maombi kama wengine, nitafanyiwa usaili, nitaleta barua ya polisi kuthibitisha kwamba sina rekodi ya uhalifu, na nikipata nitakuwa kwenye majaribio kwa miezi 3. Aliniambia pia kwamba nikiomba ni lazima nitoke kwenye kamati ya wazazi, kwa kuwa kamati ina mwakilishi wake kwenye usaili. Hilo sina tatizo nalo, na nafurahi kwamba amelisema yeye kabla sijauliza. Barua ya kujiuzulu nimeshaiandika, iko kwenye droo.

Kinachoizuia kutoka kwenye droo ni binti yangu.

Huyu mtoto tukitoka shuleni hafungi mdomo njia nzima. Nani kagombana na nani, mwalimu kasema nini, nani kalia. Ndiyo saa yetu. Nilipomweleza habari ya kazi alinyamaza, halafu akauliza: "Mama, sasa mimi nitakusimulia nini? Utakuwa umeshayaona yote." Tukatembea kidogo. Akaongeza: "Na mwalimu akinionea, utakuwa upande wa nani?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mdogo wake, kinyume chake, amekwisha kuwatangazia wenzake kwamba mama anakuja kuwa mwalimu.

Swali la binti limenigusa kwa sababu nimeshaonja kidogo kilichomo ndani. Siku moja nilipeleka ufunguo wa maktaba kwenye chumba cha walimu, nikakuta mwalimu anamzungumzia mwanangu mkubwa: "Yule akili anazo, ni mvivu tu." Waliponiona wakanyamaza. Nikaweka ufunguo, nikaaga, nikatoka. Kama mzazi ningeomba kuonana na mwalimu huyo kesho yake, niulize uvivu ameuona wapi, maana mtoto huyu nyumbani anakesha na madaftari na nimeanza kuhisi haoni vizuri ubaoni. Sikwenda, nikiogopa kuonekana nimetumia mlango wa maktaba kusikiliza ya ndani. Nikiajiriwa nitayasikia mengi zaidi ya hayo. Je, mambo ya mwanangu yafuatwe na baba yake peke yake, mimi nikae pembeni? Nawaza hivyo, lakini moyo unakataa.

Upande wa pili wako wazazi wenzangu, ambao wengine ni marafiki zangu wa karibu. Hata sasa wananiuliza: fulani anasomaje, ni kweli mtoto wa fulani anarudia darasa? Huwa nabadilisha mazungumzo. Tayari mmoja ameacha kunipigia simu, na nimesikia inasemwa kwamba nafasi hii ilitengenezwa kwa ajili yangu. Imeniuma, ila nitaivumilia. Ya binti yangu siwezi kuyavumilia hivyo.

Mume wangu anasema niombe, kwani kazi nyingine ya kwenda na kurudi pamoja na watoto, na kupumzika wakati wa likizo yao, sitaipata popote. Anasema kweli. Lakini hata kama ratiba ingekuwa mbaya, bado ningeitaka kazi hii.

Naomba unisaidie hapa. Kabla ya usaili, naweza kumwomba mwalimu mkuu nisipangwe kwenye chumba cha binti yangu wala kusahihisha madaftari yake, bila kuonekana naweka masharti kabla ya kupewa kazi? Au hilo husemwa baada ya kupata barua ya ajira? Na binti mwenyewe, nimsikilize kwa kiasi gani? Ana miaka 9, hawezi kuniamulia kazi. Ila jana tulipotoka shuleni alitembea hatua mbili mbele yangu, kimya, mpaka mlangoni.

Maombi yanafungwa baada ya siku 12. Nitashukuru ukinijibu mapema.

Wako,
Mama wa watatu